Milio na Ulegevu wa Mbele kwenye Pikapu ya Zamani: Kutafuta Kipuri Kilichochoka na Kukibadilisha

Pikapu ikishatembea miaka 15 au 20, sehemu yake ya mbele huwa na vipuri kadhaa vilivyochoka kwa wakati mmoja, na kila kimoja hutoa dalili inayofanana na ya jirani yake. Mlio mmoja wa chuma unaosikika chini ya miguu ya dereva unaweza kutoka kwenye bolijointi (kiungo chenye tufe la chuma linalogeuka ndani ya kikombe), kwenye bushi ya amu (mpira ulio kwenye shina la mkono unaobeba gurudumu), kwenye linki ya stabilaiza (fimbo fupi inayoshika nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona), au kwenye bolti ya shokabsoba ambayo mtu alisahau kuikaza. Kosa linalopoteza muda na fedha nyingi zaidi katika kazi hii ni kufungua kipuri kizima na kukiacha kibovu mahali pake. Niliwahi kubadilisha bolijointi zote mbili za chini za pikapu moja, kazi iliyonichukua siku nzima, kisha nikausikia mlio uleule kwenye tuta la kwanza. Ulikuwa ukitoka kwenye tundu la chini la shokabsoba, ambako bushi ya mpira ilikuwa imekwisha na chuma kilikuwa kikigonga chuma.

Tangu siku hiyo naanza kila uchunguzi kwa swali moja: mzigo wa gari uko wapi wakati ninapopima? Viungo vya chuma kama bolijointi, kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia kwenye ekseli nzima) na beringi za magurudumu huficha ulegevu wake vinapokandamizwa na uzito wa gari. Bushi za mpira hufanya kinyume, kwa maana zinapokuwa hazina nguvu inayozivuta zinaweza kuonekana nzima ilhali zimekwisha kuachana na chuma. Anayepima bolijointi huku gari limesimama chini, au anayetazama bushi bila kuisukuma, atapata jibu la uongo mara nyingi kuliko la kweli.

Kujua mzigo ulipo

Pikapu za zamani hazikujengwa kwa namna moja. Nyingine zina ekseli nzima ya mbele iliyokaa juu ya springi za bapa, kama zilivyokuwa Toyota Hilux za kwanza zenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1979. Ford ilileta mwaka 1965 muundo wa mihimili miwili inayopishana, kila mmoja ukiwa na springi yake ya koili na fimbo ndefu inayouzuia usirudi nyuma. Pikapu nyingi zilizofuata zina amu mbili kila upande, ya juu na ya chini, na uzito wake hubebwa ama na springi ya koili ama na tosheni baa, ile nondo ndefu iliyolala kando ya chesisi na kujipinda gurudumu linapopanda.

Ili ujue bolijointi ipi inabeba uzito, ifuate springi. Amu ambayo springi au tosheni baa imeshikana nayo ndiyo yenye bolijointi iliyobebeshwa, na ndiyo huchoka mapema. Kama ni ya chini, jeki iwekwe chini ya amu hiyohiyo, karibu na gurudumu kadiri inavyowezekana, ili springi ibaki imekandamizwa na bolijointi ibaki huru. Ukiinua kwa kuweka jeki chini ya chesisi, springi itaisukuma amu hadi mwisho wake, bolijointi itabanwa, na kiungo kilichokufa kitaonekana kizima. Springi ikiwa imekaa juu ya amu ya juu, kipande cha mbao ngumu huwekwa kati ya amu hiyo na chesisi, ndipo gari huinuliwa kwenye chesisi. Kwenye ekseli nzima mambo ni mepesi: jeki hukaa chini ya ekseli yenyewe.

Sakafu iwe ngumu na tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na stendi ziwekwe kabla mtu hajaingiza hata mkono chini ya gari. Jeki ni ya kuinulia. Kazi ya kushikilia gari si yake.

Baada ya hapo, shika tairi juu na chini, pale ambapo akrabu za saa zingeonyesha namba 12 na 6, ulisukume na kulivuta. Ulegevu wa namba 12 na 6 ni wa bolijointi, kingipini au beringi. Ulegevu wa namba 9 na 3 ni wa tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu), viungo vingine vya usukani au beringi. Ili kuitenga beringi, mwombe msaidizi akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: ulegevu ukitoweka, tatizo ni beringi ya habu, kwa sababu breki imeunganisha habu na nako, kile kipande kinachogeuka na kuibeba; ukibaki, tafuta kwenye viungo. Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue taratibu huku ukitazama bolijointi ya chini. Kiasi cha mchezo kinachovumilika hutofautiana kwa kila muundo, na kitabu cha matengenezo cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Hata hivyo, bolijointi ambayo mpira wake umepasuka, grisi imetoka na kutu ya rangi ya kahawia inachuruzika haihitaji kipimo. Baadhi ya bolijointi zina alama ya uchakavu, yaani kishingo kidogo kinachozunguka nipeli ya grisi. Hizi hukaguliwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na kishingo kikiwa kimezama hadi kulingana na uso wa kiungo, bolijointi imekwisha.

Milio na vyanzo vyake

Mlio mzito unaosikika mara moja unapokanyaga breki, na mwingine unapoondoka au kurudi nyuma, kwa kawaida huelekeza kwenye bushi za amu ya chini au kwenye bushi za ile fimbo inayoizuia amu isiende mbele na nyuma. Breki hulirudisha gurudumu nyuma kwa nguvu kubwa, na bushi iliyolegea huiacha amu isafiri hadi igonge. Ukaguzi wake unahitaji watu wawili: mmoja akae ndani, asogeze gari mbele na nyuma kwa hatua fupi huku akikanyaga breki, na mwingine asimame pembeni, kamwe asiwe mbele ya gari, akitazama jinsi amu inavyosogea kwenye braketi yake. Msogeo mdogo ni wa kawaida, kwani mpira umewekwa ili ujipinde. Amu inayoruka kwa milimita kadhaa, au bolti inayoonekana imekaa upande mmoja wa tundu badala ya katikati, ni ushahidi tosha. Gari lenye kasoro hii aghalabu huvutwa pia upande mmoja wakati wa kufunga breki, na wenye magari wengi huharakisha kulaumu kalipa ya breki.

Mlio mwepesi unaojirudia haraka kwenye barabara ya kokoto ni tabia ya linki ya stabilaiza. Stabilaiza hufanya kazi pale tu gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini, hivyo mlio unaosikika kwenye mashimo ya upande mmoja, lakini ukakosekana unapopanda tuta kwa magurudumu yote mawili kwa pamoja, unakaribia kujitaja jina. Njia ya uhakika ni kufungua linki zote mbili, kuifunga stabilaiza kwa waya isiguse kitu, na kuendesha taratibu mwendo mfupi mahali pasipo na magari. Kimya kikirudi, umekipata.

Mlio unaotokea gari likiwa limesimama na usukani ukizungushwa hutafutwa kwa vidole. Magurudumu yawe chini, msaidizi azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kukoma, nawe uweke kidole kwenye kila kiungo, nusu kikigusa kipande kimoja na nusu kipande cha pili. Tairodi iliyolegea husikika kwenye ngozi kabla jicho halijaona kitu. Usiruke bolti zinazoishika stelingi boksi (sanduku la gia za usukani) kwenye chesisi, na ukisugua uchafu mahali hapo tazama kama chuma cha chesisi chenyewe hakijapasuka. Vipuri vipya vilivyofungwa kwenye chuma kilichopasuka havitatibu chochote.

Mlio wa kukwaruza kama wa mlango mkavu hutoka kwenye bolijointi iliyokosa grisi au bushi iliyokauka. Maji ya kawaida yakinyunyiziwa bushi moja baada ya nyingine yatanyamazisha kwa dakika chache ile inayolia. Mafuta ya injini yasitumike kwa jaribio hili, kwa sababu mpira huvimba na kuoza.

Dalili zinazoonekana kwenye usukani na tairi

Pikapu inayotangatanga barabarani, ikimlazimu dereva kuirekebisha kila mara, ina ulegevu katika mnyororo wa usukani au imepoteza kasta, ule mwinamo wa nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Viungo vya kukagua ni tairodi za ndani na za nje, aidola amu (mkono unaoshikilia viungo vya usukani upande wa pili wa stelingi boksi) ambayo mara nyingi husahaulika, na stelingi boksi. Aidola amu ikishikwa na kusukumwa juu na chini haipaswi kucheza kwa kiasi kinachoonekana waziwazi. Ikicheza, mwelekeo wa magurudumu hubadilika kwenye kila shimo, na alainimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, haitadumu.

Dalili iliyo kinyume, yaani usukani mgumu usiorudi wenyewe baada ya kona, huwachanganya wengi kwa kuwa hakuna kilicholegea. Hapa mara nyingi bolijointi imekauka na kukaza. Tenganisha tairodi na nako, kisha uigeuze nako kwa mkono: inatakiwa kugeuka kwa ulaini kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Bolijointi kavu ni ya hatari kuliko kelele yake inavyodokeza, kwa sababu inajila yenyewe kwa ndani na inaweza kuchomoka gurudumu likiwa limebeba mzigo.

Kutetemeka kwa usukani kwenye mwendo fulani, ambako hupungua mwendo ukizidi au ukishuka, kuanze kutafutwa kwenye tairi, rimu na balansi. Kutetemeka kwa nguvu kunakoanza ghafla baada ya kugonga shimo, gari zima likirukaruka hadi upunguze mwendo kabisa, ni ugonjwa wa ekseli nzima. Vyanzo vyake ni bushi za fimbo inayoishika ekseli isiende kando kwenye magari yenye koili, beringi za kingipini, tairodi, na kasta iliyoharibiwa na gari kuinuliwa bila marekebisho. Wapo wanaofunga dampa mpya ya usukani (kifaa kama shokabsoba kinachotuliza mtikisiko) na kuridhika. Dampa hiyo hufunika ugonjwa kwa miezi michache, huku viungo vilivyouleta vikizidi kulegea.

Tairi nalo huandika habari zake. Likiliwa bega moja, la ndani au la nje, mwinamo wake wa juu umepotoka, jambo linaloweza kuletwa na bolijointi, bushi au springi iliyolala. Ukipitisha kiganja juu ya tairi kwa upana ukahisi meno makali upande mmoja na ulaini unaporudi, magurudumu hayatazami mbele sawasawa, na tairodi ni ya kwanza kushukiwa. Mabonde yanayofuatana kuzunguka tairi ni ishara ya gurudumu linalodunda, na shokabsoba iliyokufa ndiyo sababu ya kawaida. Kuikandamiza boneti na kuhesabu midundo kunasaidia tu pale shokabsoba imekwisha kabisa. Ile iliyobakiwa na nusu ya nguvu hupita jaribio hili kwa urahisi. Ushahidi bora ni mafuta yanayotiririka kwenye mwili wake au fimbo iliyopinda.

Gari likilala upande mmoja, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu yake, upande wa kushoto na wa kulia, likiwa mahali tambarare na bila mzigo. Koili hupenda kukatika kwenye mzunguko wa mwisho wa chini, ndani ya kikombe chake, mahali ambapo tope huficha mpasuko. Tosheni baa iliyolegea inaweza kukazwa kwa bolti yake ya marekebisho, ila usiikaze kuficha bushi zilizokufa. Kuinua gari kwa njia hiyo hubadilisha pembe zote na kuzifanya bolijointi na jointi za ekseli zifanye kazi karibu na mwisho wa uwezo wake.

Kufungua bila kuharibu

Kipuri kikishathibitishwa, siku moja kabla ya kazi nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila bolti utakayogusa, kisha usafishe nyuzi kwa brashi ya waya. Weka alama kabla ya kufungua. Amu ya juu ikiwa imewekewa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha pembe), funga shimu za kila bolti pamoja na uandike ilikotoka, ya mbele au ya nyuma. Kama ni bolti zenye kamu (washa iliyotobolewa nje ya katikati ili kurekebisha pembe), chora mstari unaopita kwenye washa na braketi. Kwa tairodi, pima urefu kutoka nati ya kufungia hadi katikati ya kiungo, au hesabu mizunguko unapoifungua, na kumbuka kuwa upande mmoja huwa na nyuzi za kushoto.

Kwenye muundo wa koili, bolijointi ya chini isiachanishwe kamwe kabla amu haijashikiliwa na jeki imara. Springi ile imebeba uzito wa robo ya gari na huweza kuua ikiruka. Iteremshwe taratibu, au ibanwe kwanza kwa kifaa chake maalumu. Kwa tosheni baa, hesabu nyuzi za bolti ya marekebisho zinazojitokeza, andika idadi, kisha uilegeze kabisa kabla ya kugusa amu. Baa ya kushoto na ya kulia zisibadilishane nafasi, kwa kuwa kila moja imezoeshwa kujipinda kwa upande wake. Kalipa ikitolewa itundikwe kwa waya; isining'inie kwenye paipu ya breki.

Kiungo chenye mkia wa koni hutolewa vyema kwa pula, yaani kifaa cha kukivutia nje. Uma wa kupigilia hufanya kazi haraka lakini huchana mpira, kwa hiyo uachiwe vipuri vinavyotupwa. Ukikosa pula, legeza nati bila kuitoa yote, kisha upige kwa nyundo nzito pembeni mwa tundu la nako, si kwenye ncha ya bolijointi. Mshtuko huo hulipanua tundu kwa nukta ya sekunde na koni huachia, huku nati ikizuia amu isiruke. Moto usitumike kwenye kiungo kilichozibwa, kwa sababu grisi iliyofungiwa ndani huweza kukipasua.

Bolijointi zilizopachikwa kiwandani kwa ribiti hukatwa vichwa kwa grainda au drili, na mpya hufungwa kwa bolti zinazokuja nayo. Zile za kushindiliwa zinahitaji presi ya mkono na vikombe vya kipimo sahihi. Kuzipiga kwa nyundo hupindisha kingo za amu, na kiungo kipya kikiingia kwa ulaini usio wa kawaida, amu yenyewe imepanuka na inapaswa kubadilishwa. Mara nyingi kununua amu nzima yenye bushi na bolijointi zake ni uamuzi wa busara kuliko kushinda siku mbili ukipambana na kutu.

Kufunga

Koni na tundu lake visafishwe vikauke. Grisi hapo haitakiwi. Nati ikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi kipimo cha kitabu, na kama tundu la spliti pini, ile pini inayozuia nati isilegee, halijalingana, endelea kukaza hadi lilingane, usirudishe nyuma. Spliti pini na nati zenye nailoni ziwe mpya. Viungo vyenye nipeli vipakiwe grisi mpaka mpira uanze kujaa, kisha uache kabla haujapasuka.

Hatua inayorukwa zaidi ni hii ya bushi za mpira. Mpira wake umeshikamana na mkono wa chuma wa ndani, na mkono huo hubanwa na bolti usizunguke. Bushi hufanya kazi kwa kujipinda. Ukikaza bolti amu ikiwa inaning'inia, mpira utakuwa umepinda wakati wote gari likiwa chini, na utachanika baada ya muda mfupi. Bolti ziingizwe zikiwa zimelegea kidogo, magurudumu yarudishwe na gari litue chini, litikiswe mara kadhaa, ndipo bolti zikazwe kabisa. Ikiwa nafasi haitoshi kuingiza spana, amu inyanyuliwe kwa jeki hadi urefu wa kawaida uliokwisha kupimwa. Bushi ngumu za poliyurethani hazifuati sheria hii, kwa sababu huzunguka kwenye mkono wake. Hizo zinahitaji grisi ya silikoni, na zikikosa zitalia.

Shokabsoba hubadilishwa mbili kwa pamoja kwenye ekseli moja. Bolijointi inaweza kubadilishwa upande mmoja, ingawa upande wa pili wenye umri uleule unastahili kupimwa kwa makini kabla ya zana kurudishwa kwenye kisanduku.

Kwa shokabsoba peke yake alainimenti haihitajiki, lakini ni ya lazima baada ya kugusa amu, bolijointi, tairodi au tosheni baa. Kwa baa, urefu wa gari urekebishwe kwanza na alainimenti ifuate, maana kila mzunguko wa bolti ile hubadilisha pembe za magurudumu. Gari likitoka, nati za magurudumu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mimi huchora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaopita kwenye kila nati mpya na chuma kinachoizunguka, na baada ya kilomita 500 hivi naingia chini na tochi. Mstari uliovunjika unaonyesha nati iliyosogea.